Na wewe ulikuwa wapi?

Nilikuwa nasimulia hasara. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya ripoti ya ajira ya Marekani, na dhahabu ilikuwa imeniadhiri ndani ya dakika nne. Upande wa pili wa simu alikuwepo rafiki yangu mmoja ambaye hatredi, yaani hanunui na kuuza kwa kukisia bei kama mimi, na wala hana mpango wa kutredi. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayeendelea na kazi zake huku akiitikia "mm" pale panapostahili.

Nilieleza vizuri tu. Ripoti ikatoka, bei ikaruka juu, ikageuka, spredi (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) ikapanuka, stopu (bei niliyoweka tredi ijifunge yenyewe hasara isizidi) ikapigwa, halafu bei ikapanda kulekule ilikokuwa ikielekea tangu mwanzo. Nikaongeza kwamba kwenye kundi la signali, wale ninaowalipa waniambie lini ninunue na lini niuze, walichelewa kutoa onyo. Nikaongeza kwamba hata broka, wakala anayepokea oda zangu za kununua na kuuza, ukimtazama kwa makini saa za habari, ana mambo yake.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, tena bila ubaya wowote:

"Na wewe ulikuwa wapi, kaka?"

Nikacheka. Nikamwambia nilikuwa hapohapo, simu mkononi.

"Aa, sawa," akasema. "Maana kwenye hadithi yako sijakusikia."

Tukahamia mazungumzo mengine. Hii ni wiki ya sita sasa, na swali lile halijaniachia.

Kikombe kimevunjika

Mtoto aliyeangusha kikombe hasemi "nimevunja kikombe". Husema "kikombe kimevunjika". Na hajadanganya, maana vipande vile pale sakafuni. Ila ile "ni-" ya mtendaji imetoroka, na sentensi imebaki imesimama wima kana kwamba haijapungukiwa na kitu.

Sisi matreda tuna shahada ya sentensi hizo. Akaunti imeungua. Stopu imepigwa. Oda imefungwa. Soko limenigeuka. Nimeliwa. Ukimsikia mtu anasema "akaunti imeungua" utadhani nyaya zilikuwa na hitilafu.

Usiku ule baada ya simu nilifungua daftari langu la tredi. Huwa naandika kila ninapoingia na ninapotoka, mstari mmoja au miwili, na kwa muda mrefu nimejivunia tabia hiyo. Nikachukua penseli nikaanza kupigia mstari vitenzi tu. Sikutazama bei wala faida.

Kurasa za ushindi zilisomeka hivi: niliona dhahabu imechoka, nilisubiri mshumaa (nguzo ya kipindi kimoja cha bei kwenye chati) ufunge, niliingia, nilifunga nusu, niliacha nusu ikimbie. Ni, ni, ni. Ukisoma unamwona mtu mzima, ametulia, anajua anachofanya.

Kurasa za hasara: bei ilivunja ikarudi, mvunjiko ulikuwa wa uongo, habari ziliharibu mpango, stopu ilipigwa.

Mtu yule mzima hayumo. Ameondoka na vyombo vyake.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuwahi kukaa chini nikapanga kuandika hivyo. Mkono wenyewe ndio uliokuwa unabadilisha mtendaji kulingana na rangi ya namba. (Tazama, hata hapo nimesema "mkono wenyewe". Ugonjwa huu haupoi kwa siku moja.)

Mwaka 1975 wanasaikolojia Ellen Langer na Jane Roth waliwakalisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale wabashiri sarafu ikirushwa mara 30. Matokeo yalikuwa yamepangwa, kila mmoja angeambiwa amepatia mara 15. Kilichotofautiana ni mfuatano tu. Wale walioambiwa wamepatia sana mwanzoni walijiona wana kipaji cha kubashiri, wakakumbuka ushindi mwingi kuliko waliopata, na wakatarajia makubwa zaidi wakiendelea. Kwa sarafu! Langer na Roth waliiita tabia hiyo kwa maneno yanayokaribia haya: ikiangukia upande wangu nimeshinda mimi, ikiangukia upande mwingine ni bahati tu.

Daftari langu lilikuwa limeandikwa na wanafunzi wale.

Mtu wa kufukuza

Kuna jambo la makundi ya signali ambalo sijaliona likisemwa, na nitalisema kwa kujianika mwenyewe.

Nimepitia matatu. Kila nilipohama nilisema nahama kwa sababu kundi halina matokeo. Sasa nikitazama nyuma, la pili halikuwa baya kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nachukua signali tatu kati ya tano, naacha zile zinazonitisha, na naongeza loti (ukubwa wa oda) kwenye zile zinazonipendeza. Matokeo yaliyobaki mkononi mwangu hayakuwa ya kundi tena. Yalikuwa mchanganyiko wangu. Lakini nilipopoteza, walipoteza wao.

Nilichokuwa nalipia kila mwezi, naanza kuamini, hakikuwa signali. Nilikuwa nalipia mtu wa kufukuza.

Hili si langu peke yangu. Mtafiti wa fedha Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wawekezaji wa kawaida wa Marekani, za mwaka 1987 hadi 1993, akakuta jambo linalojulikana sasa kwa kila treda: watu huuza haraka hisa zilizopata faida na kuzikumbatia zilizozama. Na wanaumia kwa hilo, kwani katika mwaka uliofuata zile zilizouzwa kwa faida zilizizidi zilizokumbatiwa kwa asilimia 3.4 hivi kwa wastani. Kufunga hasara kunamaanisha kutia saini kwamba ulikosea, na nani anataka kutia saini.

Halafu wakaja Tom Chang, David Solomon na Mark Westerfield mwaka 2016, wakageuza jiwe lile upande wa pili. Wakatazama kinachotokea mtu anapokuwa hajachagua hisa mwenyewe, ameweka fedha kwenye mfuko unaoendeshwa na meneja. Tabia inageuka kichwa chini miguu juu. Hapo watu huuza mifuko inayopata hasara, tena bila kusita. Kukiri hasara hakuumi tena kwa sababu aliyekosea ni meneja, na kuuza ni kumfukuza kazi.

Nilisoma hilo nikafunga kompyuta nikatembea kidogo.

Maana yake ni kwamba maumivu ya hasara yana tabaka mbili: fedha iliyoondoka, na sentensi "nilikosea". Ukimpata mtu wa kukubebea hiyo sentensi, fedha peke yake unaiachia kwa urahisi wa ajabu. Wanaoendesha makundi sidhani kama wanajua kwamba hiyo ndiyo bidhaa yao. Au wengine wanajua.

Asilimia 19

Sasa niwaambie nilichomficha rafiki yangu. Sikukifanya kwa kusudi. Nilikuwa nimeshakificha kwangu kabla ya kumpigia.

Kanuni yangu, iliyoandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari kwa wino, inasema mambo mawili: situmii zaidi ya asilimia 2 ya akaunti kwa oda moja, na siingii saa moja kabla ya habari kubwa. Ijumaa ile niliingia dakika arobaini kabla. Nilinunua. Na kwa kuwa wiki ilikuwa imeenda vibaya, niliweka loti mara tatu ya kawaida. Nakumbuka kidole kikibonyeza alama ya kujumlisha, nakumbuka nikisema moyoni "leo tu".

Asilimia 2 ikawa 6.

Kisha bei ikaanza kuteremka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi akitafuta funguo mfukoni. Ikaukaribia mstari mwekundu wa stopu. Nikaweka kidole juu ya mstari. Kwenye simu yangu ukiubonyeza kwa sekunde mstari hunenepa kidogo, kuonyesha kwamba umeukamata. Nikauvuta chini. Si sana. Chati ilikuwa na bonde fulani la juzi, nikajiambia stopu ya maana inapaswa kukaa chini ya bonde lile. Sababu nzuri kabisa, ila niliipata nikiwa nimeshaukamata mstari.

Bei ikaendelea kushuka. Nikauvuta tena. Safari hii sikutafuta hata bonde.

Umbali sasa ulikuwa mara tatu ya ule wa mwanzo. Asilimia 6 ikawa 18.

Ripoti ikatoka, bei ikaruka, kwa sekunde chache nikaona kijani, nikavuta pumzi ya mtu aliyesamehewa. Halafu mshumaa mmoja mrefu chini. Spredi ilipanuka kweli, hilo sikusingizia, na oda ikafungwa mbali kidogo na mstari. Hasara yote ikawa asilimia 19 ya akaunti.

Nilizigawa hizo 19 kwenye karatasi wiki mbili baadaye. Mbili zilikuwa gharama halali ya kazi. Mtu anayetredi atapoteza mbili mara nyingi tu, na hakuna kosa hapo. Kumi na sita zilikuwa zangu, za kidole changu, nne kwa kujumlisha na kumi na mbili kwa kuvuta. Moja ilikuwa ya soko na spredi yake.

Nikampigia rafiki yangu nikamsimulia ile moja.

Nikaruka kutoka kikaangoni

Mtu akigundua jambo kama hilo hufanya kile nilichofanya mimi, anavuka barabara nzima kwenda upande wa pili. Wiki ya tatu daftari langu lilijaa lawama. "Kosa langu." "Mimi sina nidhamu." "Nimekuwa mjinga tena." Nilifikiri huo ndio uwajibikaji. Ulikuwa unauma, na tumezoea kuamini kwamba kinachouma ndicho kinachotibu.

Tredi zangu zikazidi kuharibika.

Sikuelewa mpaka nilipokutana na jaribio la zamani la Barry Staw, la mwaka 1976. Wanafunzi wa masomo ya biashara walipewa kazi ya kuigiza: wewe ni ofisa wa fedha wa kampuni, chagua kitengo kipi kati ya viwili kipewe fedha za utafiti. Baadaye wakaambiwa kitengo hicho kimefanya vibaya, kisha wakapewa fedha nyingine wagawe. Baadhi yao walikuwa wamechagua wenyewe mara ya kwanza. Wengine waliambiwa uchaguzi ule ulifanywa na ofisa aliyetangulia.

Nani walimwaga fedha zaidi kwenye kitengo kilichoshindwa?

Wale waliochagua wenyewe.

Hapo ndipo mahubiri yote niliyowahi kusikia kuhusu "beba jukumu la tredi zako" yaliponyong'onyea. Kujiona mwenye dhamana ya uamuzi mbaya hakukuwafanya watu wale waache. Kuliwafanya wauongezee uamuzi ule damu, ili uje uonekane haukuwa mbaya. Kidole changu kilipokuwa kinavuta mstari hakikuwa kimesahau kwamba tredi ni yangu. Kilikuwa kinakumbuka mno.

Na "mimi mjinga" je? Nilipoitazama kwa utulivu niliona ni kikombe kilekile kimevunjika kwa namna nyingine. Mjinga hana la kufanya, ujinga ni hali yake. Sentensi hiyo inamhukumu mtu mzima na kuliacha tendo liende zake. Haisemi nilibonyeza kujumlisha saa ngapi, wala nilijiambia nini. Nilikuwa nimepata njia ya pili ya kutokuwepo kwenye hadithi yangu, safari hii kwa kujaza ukurasa mzima na jina langu.

Nick Leeson, yule aliyeiangusha benki ya Barings mwaka 1995 akiwa Singapore, alikuwa na akaunti namba 88888. Kwenye vitabu ilikuwa akaunti ya makosa, mahali pa kuweka tredi zilizokosewa mpaka zirekebishwe. Hasara zikatiwa humo, zikafichwa, zikaongezewa nyingine za kuzifidia, hadi zikafika pauni milioni 827, na benki iliyokuwepo tangu mwaka 1762 ikauzwa kwa pauni moja. Hapo zamani nilikuwa nikisoma habari zake kama habari za mhalifu wa mbali. Sasa huwa nawaza kuhusu ile akaunti tu. Mahali ambapo kosa linakaa bila kuwa la mtu, likisubiri bei irudi. Kwenye daftari langu kulikuwa na 88888 ndogo, na "mimi mjinga" ilikuwa mojawapo ya nywila zake.

Ushindi wenye nyota

Wiki ya nne nilirudi nyuma kwenye daftari, miezi mitano kabla ya Ijumaa ile, kutafuta ni lini nilianza kuvuta stopu. Nilitarajia kukuta hasara.

Nilikuta ushindi. Ukurasa una nyota iliyochorwa kwa kalamu, na chini yake: "Subira imelipa."

Nilikumbuka siku ile. Euro na dola, nimeuza, bei inapanda kunikaribia. Nikauvuta mstari juu. Bei ikagusa pale stopu ilipokuwa mwanzo, ikapita kidogo, kisha ikageuka na kuanguka kama jiwe. Nilifunga kwa faida ambayo sijawahi kuipata kabla. Nikachora nyota.

Nikiulizwa leo tredi yangu mbaya kuliko zote ni ipi, sitataja ile ya asilimia 19. Nitataja hii. Ijumaa ile nililipa tu deni. Mkopo niliuchukua siku ya nyota.

Jonathan Baron na John Hershey walionyesha mwaka 1988 kwamba watu hupima ubora wa uamuzi kwa matokeo yake hata wanapopewa kila alichojua mwamuzi wakati anaamua. Daktari yuleyule, upasuaji uleule, uwezekano uleule, ila mgonjwa akipona uamuzi unasifiwa na akifa unalaumiwa. Soko ni kiwanda cha kosa hilo. Linaweza kukulipa kwa upuuzi leo na kukuadhibu kwa busara kesho, na halitakuambia lipi lilikuwa lipi.

Kwa hiyo mtu anayebeba jukumu la matokeo, akalia kwenye hasara na kuchora nyota kwenye faida, bado hajabeba kitu chochote kilicho chake. Matokeo yana mkono wa soko ndani yake. Kilicho changu kinaishia pale ninapobonyeza. Nilichokuwa nimejua, nilichoweka, nilichoandika kwamba nitafanya, na kama nilikifanya.

Nimefuta ile nyota? Hapana. Nimeizungushia duara.

Yaliyo nje ya mkono

Ningekuwa mwongo nikisema kila kitu ni cha treda. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliondoa bila kutangaza mapema kizuizi ilichokuwa imeweka tangu Septemba 2011, kwamba euro moja isishuke chini ya faranga 1.20. Ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga moja. Waliokuwa na stopu hazikuwasaidia, kwa sababu stopu ni oda, na oda inahitaji mtu wa upande wa pili, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Kuna walioamka wanadaiwa na broka zaidi ya walichokuwa nacho.

Nani anaweza kumwambia mtu yule "ulipaswa kujua"? Hakujua yeyote. Na bado, hata pale, kulikuwa na sehemu moja ndogo iliyokuwa ya treda: ukubwa wa loti. Aliyeweka kidogo aliumia, akaendelea na maisha. Ninasema hivi kwa sauti ya chini, kwa sababu sikuwemo siku ile, na ni rahisi kuwa na hekima kwenye kifo cha mwingine.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaonikera zaidi.

Ukipita mitandaoni utakuta neno "uwajibikaji" na neno "saikolojia" yakiuzwa na watu walewale wanaouza kozi. Mfumo wao hauna makosa, umejaribiwa, umethibitishwa. Ukipoteza, basi tatizo ni akili yako, na kwa akili yako kuna kozi ya pili. Ni mtego mzuri: muuzaji anachukua sifa za ushindi na mwanafunzi anaachiwa hasara yote. Wanafunzi wa Yale tena, safari hii wamefungua duka.

Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji, ESMA, ilipobana biashara ya mikataba ya CFD (kubashiri kupanda na kushuka kwa bei bila kumiliki kitu chenyewe) kwa watu wa kawaida, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti zao hupata hasara. Ikashusha levereji (kutredi kwa fedha kubwa kuliko uliyoweka) hadi 30 kwa 1 kwa jozi kubwa za fedha na chini ya hapo kwa nyingine, ikawalazimu mabroka kuandika wazi asilimia ya wateja wanaopoteza. Wadhibiti hawakusema wateja hao wote wana tatizo la nidhamu. Waliona kifaa chenyewe kinakata.

Kwa hiyo ninapojiuliza nilikuwa wapi, swali linarudi nyuma kuliko Ijumaa. Namba hizo zilikuwepo siku nilipofungua akaunti. Ziliandikwa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, lakini ziliandikwa. Nilizipita kwa kidole kilekile. Kuna siku naona kwamba uamuzi pekee wa kuwajibika kweli ungekuwa kufunga akaunti. Bado natredi. Sina jibu safi kwa hilo, na nimepunguza fedha iliyomo hadi kiasi ambacho sihitaji kukisimulia kwa mtu.

Sentensi moja kabla

Nilichobadilisha ni kidogo. Kabla sijabonyeza naandika sentensi, na sharti lake ni kwamba kila kitenzi kiwe na "ni-" au "na-". Nanunua kwa sababu hii. Nitatoka hapa. Nikikosea nitapoteza asilimia 2 na nitaandika kwamba nilipoteza. Ikifungwa, naruhusiwa kuongeza mstari mmoja tu: nilifanya nilichosema, au sikufanya. Faida na hasara naandika ukurasa mwingine, mwisho wa wiki.

Inachosha. Mara mbili nimeacha kuingia kwa sababu sentensi haikukamilika. Nilifika kwenye "kwa sababu" nikakuta hakuna kitu mbele. Mara moja nimeandika sentensi nzuri kabisa kisha nikauvuta mstari hivyo hivyo. Sijapona, na kuna hatari kwamba zoezi lenyewe litageuka desturi ya mkono, maneno ya kutamka ili nijione mwema. Nitajua baada ya miezi, si wiki.

Juzi nilipoteza tena. Nikampigia rafiki yangu, kwa sehemu kwa kutaka kumwonyesha kwamba nimekuwa mtu mpya.

"Niliuza mapema," nikamwambia. "Niliona mshumaa haujafunga nikaingia hivyo hivyo. Niliweka asilimia 2, nikapoteza asilimia 2. Stopu sikuigusa."

"Mm," akasema. Nikasikia vyombo vikigongana upande wake. "Na ile ya Jumanne?"

"Ipi?"

"Ile uliyonitumia picha. Ya kijani. Uliandika umeishikilia kwa nidhamu hadi mwisho." Vyombo vikatulia. "Hiyo nayo, kaka, ulikuwa wapi?"

Daftari lilikuwa mbele yangu, limefunguka kwenye Jumanne. "Nilishikilia," limeandikwa, kwa mwandiko wangu, kwa "ni-" iliyosimama vizuri kabisa.

"Nilikuwa nimelala," nikamjibu.